Paleti ndogo, moshi laini: rangi ya macho inapogoma, anzia hapa

Paleti ya rangi nne inaingia kwenye pochi, ina kioo chake, na inatosha kabisa kukupa macho ya moshi laini bila kubeba sanduku zima la mekapu. Ila malalamiko yake ni yale yale kila siku: rangi haishiki, imepauka, imekuwa tope, imemwagikia mashavuni, na kufika saa nane mchana imejikusanya kwenye mkunjo. Ukifuatilia, karibu yote yanarudi kwenye mambo mawili. Ama ngozi haikuandaliwa, ama brashi ilibeba unga mwingi mno. Paleti yenyewe iwe ya mwisho kulaumiwa.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Ukope hapa ni ile ngozi inayofunika jicho. Nywele zake tutaziita nywele za kope. Mkunjo ni pale ngozi hiyo inapojikunja ukifumbua jicho.

Paleti nyingi za aina hii zina rangi moja nyepesi, moja ya kati isiyong'aa, moja ya kung'aa na moja ya giza. Ya kati inapita kwenye mkunjo, ya kung'aa inakaa katikati ya ukope, ya giza inashika pembe ya nje karibu na mashina ya nywele za kope, na ile nyepesi inagusa pembe ya ndani tu. Kinachoitwa moshi ni ukingo wa juu ambao mtu hawezi kuonyesha umeishia wapi. Kwa hiyo kisahani, yaani kile kibati kinachobeba rangi moja ndani ya paleti, kinachotakiwa kuisha mapema ni cha rangi ya kati. Kama cha nyeusi ndicho kimeanza kuonyesha bati la chini, shida zako nyingi zinaanzia hapo.

## Rangi haionekani, au inashika mabaka mabaka

Kabla ya yote, pitisha kidole kikavu na safi juu ya kisahani, kisha kipake upande wa ndani wa mkono. Rangi ikitoka vizuri, paleti ni nzima. Tatizo liko kwenye brashi au kwenye ukope. Ikitoka hafifu hata kwa kidole, ruka hadi sehemu ya kisahani kigumu huko chini.

Chanzo kinachoongoza ni kile kijiti cha sponji kinachokuja ndani ya paleti. Sponji inafaa kubandika rangi ya kung'aa katikati ya ukope. Kazi ya kusambaza haiwezi, kwa sababu inaacha unga mwingi pale inapogusa kwanza kisha inaburuta uliobaki. Kwa mkunjo tafuta brashi ndogo yenye nywele laini zilizotawanyika, ile inayokaa kama manyoya ya kifaranga. Kwa pembe ya nje, brashi nyembamba yenye ncha. Huna brashi? Kidole cha pete kinafanya kazi nzuri kuliko sponji, kwa rangi ya kati na ya kung'aa.

Kinachofuata ni ukope mtupu. Unga unahitaji kitu cha kushika. Chukua praima (krimu ya kuandaa ukope ushike rangi), au konsila (krimu ya kuficha madoa), kiasi cha punje moja ya mchele kwa macho yote mawili. Ndiyo, punje moja. Ukizidisha unahamia kwenye tatizo la kujikunja. Tandaza, subiri dakika moja, kisha gusa kwa mgongo wa kidole. Kama bado kunanata, pitisha poda kidogo ya rangi ya ngozi yako. Mabaka mengi yanatokana na kupaka rangi isiyong'aa juu ya praima mbichi: unga unang'ang'ania pale ulipotua na hausogei tena hata ukiublendi, yaani kuusambaza kwa brashi ukolee taratibu, vipi. Rangi ya kung'aa ni kinyume chake, yenyewe inapenda unato kidogo. Ndiyo maana mkunjo unapigwa poda na katikati ya ukope panaachwa.

Mabaka yakishatokea, usiongeze rangi juu yake. Chukua brashi safi isiyo na kitu, zungusha taratibu kwenye ukingo wa baka kwa sekunde kama ishirini, halafu gusia rangi ya kati kidogo. Ikishindikana, futa na uanze upya. Ukope mmoja ni kazi ya dakika tatu.

## Imepauka, jicho limekuwa la kijivu kama limepakwa majivu

Hili ndilo lalamiko kubwa la wenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, na watu wengi wanadhani wamekosea kupaka. Mara nyingi kosa ni la uchaguzi wa rangi. Rangi za unga hushindiliwa pamoja na talki, maika na wakati mwingine titani dioksaidi, ambayo ni nyeupe pe. Kahawia iliyopunguzwa ukali kwa weupe huo inaonekana kahawia ndani ya kisahani, lakini ikikaa juu ya ngozi iliyoizidi weusi, kinachobaki kuonekana ni ule weupe. Basi jicho linakuwa kama lina vumbi la chaki.

Jipime hivi. Paka rangi ya kati ya paleti yako pembeni ya paji la uso, karibu na nywele, kisha simama dirishani. Inatakiwa iwe nyeusi kuliko ngozi yako kidogo, na iwe na joto ndani yake: wekundu, udongo, shaba. Kama ni nyepesi kuliko ngozi, haiwezi kuwa rangi yako ya mkunjo. Usiitupe, ihamishie pembe ya ndani au chini ya nyusi, na ile uliyoidhani ya giza uifanye ndiyo ya kati.

Usijipime chini ya taa nyeupe ya saluni. Taa yenye ubuluu inaua joto la kahawia, na unaweza kuiona rangi imepauka kumbe jua likiipiga ni nzuri. Mwanga wa njano nao unakudanganya upande wa pili.

Kama paleti ndiyo hiyo hiyo na huna nyingine, kuna njia tatu, kwa mpangilio wa urahisi. Ya kwanza: paka wanja wa penseli wa kahawia kwenye ukope, tandaza kwa kidole hadi uwe kama kivuli, kisha weka rangi ya paleti juu yake. Weusi wa chini unameza ule weupe. Ya pili: acha kutumia konsila nyeupe au ya kung'arisha chini ya rangi, tumia inayolingana na ngozi au iliyoelekea kidogo kwenye chungwa. Ya tatu: ongeza kisahani kimoja tu cha pembeni cha rangi ya damu ya mzee au tofali iliyoiva, na uipitishe juu ya kijivu kwa mkono mwepesi. Wekundu ndio unaorudisha uhai kwenye kijivu. Kuongeza nyeusi juu ya rangi iliyopauka ni kosa linalorudiwa sana. Unapata kijivu cha mkaa badala ya kijivu cha majivu.

Na kama unanunua sasa: kwa ngozi nyeusi, paleti ya moshi yenye kahawia nyekundu, zambarau iliyoiva, shaba na kahawia ya kahawa chungu itakufaa kuliko ile maarufu ya fedha, kijivu na nyeusi. Kijivu kinaweza kupendeza, lakini kinataka penseli nyeusi chini yake na mkono uliozoea.

## Rangi zote zimekuwa tope moja

Ulianza na rangi nne, sasa unaona moja, na haina jina. Angalia brashi kwanza: kama ile iliyopaka nyeusi ndiyo iliyorudi kwenye kahawia, jibu ni hilo. Kwa paleti ndogo brashi mbili zinatosha, moja ya giza na moja ya kila kitu kingine. Katikati ya rangi na rangi, isugue kwenye taulo kavu mizunguko kumi hivi hadi isiache alama.

Sababu ya pili ni kublendi kupita kiasi. Mkono unazunguka jicho zima, rangi ya pembe ya nje inaletwa hadi puani. Brashi ya giza isivuke theluthi ya nje ya ukope, na isipande juu ya mkunjo. Anayepanda juu ya mkunjo ni rangi ya kati peke yake, na yeye atangulie. Mpangilio huo ukiugeuza, yaani nyeusi kwanza halafu kahawia ya kuificha, tope halikwepeki.

Kipimo cha nyeusi ni hiki: gusa kisahani kwa ncha ya brashi mara moja, gonga mpini mara mbili ukingoni, kisha anza kwenye mashina ya nywele za kope pembe ya nje. Rudia mara tatu nne kidogo kidogo. Kuongeza nyeusi ni rahisi. Kuipunguza maana yake ni kufuta jicho.

## Unga umemwagikia mashavuni

Usifute kwa kitambaa chenye maji wala kwa kidole. Unga mkavu unapeperushwa na brashi kubwa laini isiyo na kitu, kwa mipigo ya kutoka puani kwenda sikioni. Ukishaulowesha umekuwa rangi, na foundesheni, ile krimu ya msingi ya uso, inaondoka nao.

Halafu tafuta chanzo. Kwanza, unazungusha brashi ndani ya kisahani kama unakoroga uji. Gusa tu, usikoroge. Pili, unaburuta badala ya kubandika: rangi ya kung'aa na ya giza zinabandikwa kwa kugandamiza, na mikupuo ya kufagia ibaki kwa rangi ya kati. Tatu, rangi yenyewe ni laini mno, na hizo zipo. Nyingine ukizigusa zinatoa vumbi kama unga wa dona. Kwa hizo, paka macho kabla ya foundesheni, au weka poda nyingi kidogo chini ya jicho ipokee unga, uje uifagie mwisho.

Tahadhari moja: chembe za glita. Glita za kupambia kadi na kazi za shule hazifai karibu na jicho hata kama rangi yake imependeza. Chembe zake ni kubwa na zina kingo kali, zinaweza kukwaruza kioo cha jicho. Chembe ikiingia, usisugue. Suuza kwa maji safi yanayotiririka na upepese jicho. Maumivu au hisia ya mchanga ikiendelea baada ya saa chache, nenda ukaonwe.

## Baada ya saa mbili tatu imejikunja

Fumba jicho: kuna mstari mtupu kwenye mkunjo na rangi imejipanga pande zake mbili. Dar, Mombasa na Zanzibar hili ni la kila siku, kwa joto na unyevu ule.

Swali la kwanza si praima gani, ni ulipaka nini baada ya kuoga. Mafuta ya mgando au ya nazi yaliyopakwa uso mzima asubuhi yanafika kwenye ukope, na hapo hakuna unga utakaokaa. Pangusa ukope kwa tishu kavu kabla ya praima. Tishu ikitoka na alama ya mafuta, osha kwa sabuni laini ya uso na ukaushe vizuri. Kama ukope wako wenyewe ni wa mafuta, punguza praima hadi nusu ya punje na uipige poda mapema.

Sababu nyingine ni tabaka nyingi: praima, konsila, wanja wa krimu, halafu unga. Kila tabaka la krimu linateleza juu ya mwenzake. Chagua moja. Ukiwa umeshatoka nyumbani, usiongeze rangi juu ya mstari. Sawazisha kwanza kwa kidole safi kilichofungwa tishu, kisha gusia rangi ya kati kidogo tu.

## Chini ya jicho kama umepigwa ngumi

Mara nyingi mkosaji ni wanja, paleti inasingiziwa. Wanja laini uliopakwa ndani ya ukingo wa chini unayeyuka, unakutana na unga mweusi chini ya nywele za kope, na vyote vinashuka. Kwa moshi laini, chini ya jicho weka rangi ya kati tu, kwa brashi nyembamba, kuanzia pembe ya nje hadi chini ya mboni. Nyeusi iishie juu. Ukitaka wanja, tumia penseli isiyopitisha maji na uifunge kwa unga wa kahawia juu yake.

Wanja wa manga wa unga una jambo jingine. Ule unaosagwa kutokana na jiwe la galena una madini ya risasi, na Marekani hairuhusu wanja wa aina hiyo kuuzwa kama kipodozi. Kama pakiti haisemi ndani kuna nini, usiupake ndani ya jicho, na watoto wasipakwe kabisa.

## Ukifumbua jicho, kazi yote imepotea

Una ukope uliofunikwa na ngozi ya juu, au uliotuna. Ukipaka ukiwa umefumba jicho, mkunjo unaoufuata si ule utakaoonekana. Tazama mbele kwenye kioo, jicho wazi, uso umelegea, na uweke rangi ya kati milimita tatu hadi tano juu ya pale ngozi inapojikunja. Ndipo ufumbe na uiunganishe na ya chini. Rangi ya kung'aa usiiweke kwenye ngozi iliyotuna, inaitunisha zaidi. Iache katikati ya ukope.

## Jicho moja limezidi jingine

Ni kile kioo kidogo. Kinaonyesha jicho moja kwa wakati, basi unamaliza la kulia ndipo unaanza la kushoto. Paka rangi moja macho yote mawili kabla ya kwenda rangi inayofuata, na kila hatua rudi nyuma utazame uso mzima kwenye kioo kikubwa au kamera ya simu. Lililozidi usilipunguze, ongeza lililopungua.

Kama ni sherehe ya usiku, piga picha moja ya flashi kabla ya kutoka. Poda nyeupe isiyo na rangi iliyowekwa chini ya macho inaweza isionekane kabisa kwa macho, kisha ikawaka nyeupe kwenye picha zote za sendofu.

## Kisahani kimekuwa kigumu, au kimevunjika

Kisahani kigumu kina ngozi inayong'aa juu yake, na brashi inateleza kama juu ya sahani ya udongo. Ni mafuta ya vidole na ya sponji, au brashi mbichi. Bandika kipande cha selotepu juu yake, gandamiza, bandua. Rudia hadi unga mpya uonekane. Kama haitoshi, kwangua kidogo kwa mswaki mpya mkavu. Kuanzia hapo, brashi iliyooshwa ilale usiku mzima ikauke kabla haijagusa unga, na brashi iliyonyunyiziwa maji iwe kwa rangi ya kung'aa tu.

Kilichovunjika kinaungika. Saga mabonge yote yawe unga laini, dondosha alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 tone kwa tone, matano au sita kwa kuanzia, ukikoroga kwa kijiti cha meno hadi iwe kama siagi ya karanga. Funga sarafu kwa tishu, gandamiza, badili tishu, gandamiza tena. Acha wazi saa 24, mbali na jiko kwa sababu inawaka moto, na usitumie hadi harufu iishe kabisa. Usitumie spiriti ya kuwashia yenye rangi ya buluu au zambarau: ina methanoli na rangi yake, na hiki ni kitu cha machoni. Kitarudi kigumu kuliko mwanzo, hilo ni la kawaida. Kama unga ulimwagika sakafuni, tupa.

Umri nao. Nyuma ya paleti kuna alama ya kikopo kilichofunguliwa, na ndani yake 12M au 24M. Hiyo ni miezi tangu uifungue. Ikibadilika harufu au ikiota madoa, tarehe haina kazi tena, ni ya kutupa.

## Macho yanawasha, mekundu, yamevimba

Hapa marekebisho yameisha. Futa rangi yote kwa pamba na kisafishio kisicho na manukato, suuza kwa maji safi, na usipake kitu kingine juu kuficha wekundu. Mwenye lenzi za macho azitoe kwanza kabla ya kufuta. Kawaida yake lenzi zinavaliwa kabla ya mekapu.

Muwasho wa mara ya kwanza kwa paleti mpya huenda ni ngozi kukataa kiungo fulani; manukato na kamini, ile rangi nyekundu inayotokana na wadudu, ni miongoni mwa vinavyoshukiwa. Ukishapona, jaribu rangi ile ile kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, uiache hadi saa 48. Ikiwasha hapo, usirudie machoni.

Kama paleti ni ya zamani na muwasho ni mpya, fikiria brashi. Zioshwe kila wiki kwa shampuu ya mtoto, zikaushwe zikiwa zimelala. Ukitoka chokea, au una tongotongo zinazogandisha kope asubuhi, usipake chochote hadi upone, na maskara uliyokuwa unatumia itupe. Paleti iliyochangiwa ndugu wanne wakati wa macho mekundu, kama yale yaliyozagaa Dar es Salaam mapema 2024, inapeleka ugonjwa nyumba nzima. Mpambaji anayechovya brashi moja kwa wateja wote unaweza kumkataa kwa adabu na kumpa zako.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho, ukiona lolote kati ya haya: maumivu ndani ya jicho, kuona ukungu usioondoka ukipepesa, mwanga kukuumiza, usaha, au uvimbe unaofunga jicho. Uvimbe wa midomo au kupumua kwa shida ni dharura ya saa hiyo hiyo. Usiweke matone ya macho yaliyobaki ya mtu mwingine, hasa yenye steroidi. Chukua paleti na boksi lake uende navyo, kwa sababu orodha ya viungo mara nyingi imeandikwa kwenye boksi tu, na daktari ataitaka.